Magwanda, raba na watu wa nyumbani

Kati ya mambo matatu yanayogombania maisha yangu, ni mbio peke yake ambazo hazijawahi kuniuliza nilikuwa wapi. Nikizikosa wiki nzima zinanipokea vilevile. Pengine nitahema kidogo kwenye kilima cha kwanza, basi. Kikosi kinauliza. Nyumbani wanauliza, hata wasipofungua mdomo. Ukitaka kujua kwa nini mtu anayependa mbio kama mimi anaziweka nafasi ya tatu, sababu ni hiyo.

Mimi ni afisa wa akiba mwenye cheo cha kapteni, mke wa mtu, mama wa watoto wawili, na mkimbiaji wa mbio ndefu: marathoni, na mara mojamoja zile zinazopita marathoni. Siku za kazi niko uraiani kama mtu mwingine yeyote. Nina bosi asiyejua tofauti ya platuni, kundi la askari 30 hivi, na kombania, inayokusanya platuni kadhaa, na hana sababu ya kuijua.

Ukiliangalia kwa nje, jeshi la akiba ni wikendi ya mafunzo kila baada ya muda fulani, kambi ya mwaka, na simu inayoweza kulia siku ya mafuriko au ya jambo zito zaidi. Kwa askari wa kawaida picha hiyo haiko mbali na ukweli. Kwa afisa, wikendi yenyewe ndiyo sehemu nyepesi. Kabla yake kuna ratiba ya mafunzo ya kuandika, maombi ya magari na risasi, mpango wa usalama wa uwanja wa shabaha, orodha ya nani ana ruhusa na nani hajulikani alipo. Baada yake kuna ripoti, kuna tathmini za askari, na kuna yule koplo aliyeachishwa kazi uraiani anayehitaji mtu wa kuongea naye saa tatu usiku. Saa hizi haziandikwi kwenye kalenda yoyote. Zinaonekana mezani tu, kompyuta ikiwa wazi huku mtoto amesimama pembeni na kitabu chake cha hadithi.

Kilichotusaidia mimi na mume wangu kuliko mazungumzo yote ya kupanga maisha ni kuzitoa saa hizo mafichoni. Jumanne, saa mbili hadi saa nne usiku, ni saa za kikosi. Zimeandikwa kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu ileile inayoandika siku ya daktari wa meno. Nje ya hapo simu ya kikosi inakaa kwenye droo, na jambo la dharura linapitia kwa sajenti meja. Wapo maafisa wanaojisifu kwamba wanajibu kila ujumbe wa kila askari, saa yoyote. Kwa mtazamo wangu wanamnyang'anya sajenti kazi yake, na wanawafundisha askari kuruka ngazi. Ngazi za amri ziliwekwa ili kazi igawanyike. Afisa anayezivunja kwa wema anaishia kubeba kombania nzima kwenye simu yake.

Ugomvi halisi wa nyumbani, kwa kadiri ninavyoona, hauletwi na saa nyingi. Unaletwa na saa zisizojulikana. Mume wangu anaweza kuvumilia wikendi nzima akiwa peke yake na watoto kama aliijua mapema. Asichovumilia, na simlaumu, ni dakika arobaini za "namalizia tu hapa" kila usiku.

Halafu kuna mashujaa. Askari na mbio ndefu ni ndugu wa zamani, na mtu akishajua kwamba wewe ni mwanajeshi na unakimbia, lazima akutajie mmoja wao. Abebe Bikila alikuwa mlinzi wa Mfalme Haile Selassie alipokimbia pekupeku na kushinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960, kisha akashinda tena Tokyo mwaka 1964, wiki chache baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Emil Zátopek, afisa wa jeshi la Chekoslovakia, alichukua dhahabu tatu Helsinki mwaka 1952: mita 5,000, mita 10,000 na marathoni, na hiyo ndiyo ilikuwa marathoni yake ya kwanza maishani. Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili tunamkumbuka Juma Ikangaa, afisa wa jeshi la Tanzania, aliyeshinda New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, na ambaye mwaka mmoja kabla alishindwa na Mkenya Ibrahim Hussein huko Boston kwa sekunde moja tu.

Nawaheshimu wote. Ila kama mfano wa maisha kwa mtu wa akiba, wanapotosha. Hawa walikuwa wanajeshi wa kudumu. Waliamka jeshini, wakalala jeshini, na jeshi lilijua kwamba miguu yao ni mali. Kwao mbio na utumishi vilivuta upande mmoja. Kwangu mimi kombania haipati faida yoyote nikipunguza dakika nne kwenye marathoni, na bosi wa uraiani ndiyo kabisa. Hata Zátopek, ambaye mkewe Dana alishinda dhahabu ya kurusha mkuki kwenye michezo ileile ya Helsinki, siku ileile mumewe alipochukua ile ya mita 5,000, hutajwa kama kielelezo cha ndoa ya wanariadha. Ni kielelezo kizuri kweli. Wanaokitaja husahau kwamba Emil na Dana hawakuwa na watoto wa kuamsha asubuhi na kuwatafutia soksi.

Kwa hiyo niliacha kutafuta mfano na nikaanza kupiga hesabu. Hesabu yenyewe ni fupi. Wikendi ya mafunzo inapochukuliwa na jeshi, aliyeitoa si mimi peke yangu. Mume wangu naye ameitoa, na ya kwake haina cheo, haina posho, wala mtu wa kumpigia saluti. Sasa Jumamosi inayofuata nikiamka alfajiri, nikavaa raba na kutokomea kwa saa tatu za mbio ndefu, nimechukua wikendi ya pili mfululizo kutoka kwa mtu yuleyule. Kwenye ratiba ya kocha mambo hayo mawili ni tofauti kabisa. Kwa aliyebaki na watoto ni jambo lilelile: mama hayupo.

Kwetu basi ipo kanuni isiyojadiliwa: wikendi inayofuata mafunzo haina mbio ndefu. Mbio hizo hukatwa vipande viwili na kuhamishiwa katikati ya wiki, kipande kimoja jioni nikitoka kazini na kingine alfajiri ya kesho yake, kabla miguu haijasahau ya jana. Wakimbiaji wa mbio zinazopita marathoni wanatumia sana mtindo huu wa siku mbili mfululizo, kwa sababu unakufundisha kukimbia ukiwa na uchovu bila kukuvunja kwa siku moja. Haufanani kabisa na kilomita 30 za mkupuo mmoja. Glaikojeni, yaani sukari ambayo mwili umeiweka akiba kwenye misuli na ini, humtosha mtu mwenye kasi ya marathoni hadi kilomita ya 30 hivi, ndipo ule ukuta maarufu wa kuishiwa nguvu ghafla unapomkuta, na mwili unahitaji kuonja hali hiyo angalau mara chache kabla ya siku yenyewe. Zile mbio chache za mkupuo mmoja ninazozihitaji kweli naziombea ruhusa nyumbani wiki nyingi kabla, moja moja, kama askari anavyoomba likizo. Na nyingine ninakataliwa.

Kuna faraja moja ya kisayansi ambayo kila mkimbiaji wa akiba anapaswa kuijua, maana wengi wanarudi kutoka kambini wakiwa na hofu kwamba kila kitu kimepotea. Hakipotei hivyo. Siku 10 hivi za kutokimbia hazibomoi mengi. Kushuka kwa uwezo kunaonekana wazi mapumziko yakifika wiki mbili hadi nne. Na tafiti za miaka ya 1980 zilionyesha kwamba mtu anaweza kupunguza sana idadi ya mazoezi yake kwa wiki na bado akashikilia uwezo wake kwa wiki kadhaa, mradi asipunguze ukali wa yale machache yaliyobaki. Kwangu hiyo ina maana kwamba kwenye mwezi wa kambi ninatafuta zoezi moja kali la dakika chini ya 40, mara moja au mbili kwa wiki, na mengine nayaachia. Zoezi la mchakamchaka na kuruta halihesabiki humo. Ule ni mwendo wa kuimba, na ni sawa uwe hivyo.

Matembezi na shanta mgongoni nayo hayahesabiki kama mbio, ingawa mwili unayalipia. Hapa ndipo nimewaona wakimbiaji wazuri wakiumia, hasa maafisa vijana wanaotaka kutumia kila dakika ya kambi kama mazoezi ya marathoni. Anatembea kilomita 20 na mzigo mchana, jioni anavua buti, anavaa raba na kwenda kukimbia peke yake kwenye barabara ya kambi, sote tunamtazama kwa mshangao. Kila hatua ya kukimbia inaushusha mguu chini kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, na mfupa uliokwisha kubeba shanta siku nzima haujapata nafasi ya kujirekebisha. Tatizo hili ni la kijeshi tangu zamani. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt alieleza habari za askari waliovimba na kuumwa nyayo baada ya matembezi marefu, asijue chanzo hasa. Mionzi ya X ilipogunduliwa mwaka 1895, haikuchukua muda ikaonekana kwamba ile ilikuwa mifupa ya nyayo iliyopasuka. Maumivu yake yana tabia yake: yako mahali pamoja unapoweza kupagusa kwa kidole, yanaongezeka ukiendelea kukimbia, na hayapoi kwa kunyoosha misuli. Mtu akiniambia hivyo kambini anakwenda kwa daktari siku hiyohiyo, akitaka asitake.

Kwa wanawake kuna jambo la ziada, na nitalisema wazi kwa sababu kikosini halisemwi. Askari wa kike hupata mipasuko hiyo ya mifupa mara nyingi kuliko wa kiume, na njaa ina sehemu yake. Mwanamke anayekimbia sana, anayebeba mizigo, anayelala kidogo na kula harakaharaka, anaweza kujikuta anatumia nguvu nyingi kuliko anazoingiza kwa miezi. Mwili unaanza kupunguza matumizi: hedhi inavurugika au inakatika, mifupa inadhoofika, mafua hayaishi, na moyo wa kukimbia unakufa. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina rasmi na kueleza kwamba wanaume nao huipata. Hedhi kukatika wakati huna mimba si zawadi ya kukurahisishia kambi, ingawa nimewasikia wasichana wakilichekea hivyo hemani. Nikiwa kamanda siwezi kumuuliza askari habari za hedhi yake. Ninachoweza ni kuhakikisha kwamba muda wa kula uliopangwa ni muda wa kula kweli, na kwamba muuguzi wa kikosi amelieleza hili kwa wote, wanaume wakiwemo, bila kunong'ona.

Na baada ya kujifungua? Nilipozaa wa pili watu walinitajia Paula Radcliffe, aliyejifungua Januari 2007 na kushinda marathoni ya New York Novemba mwaka huohuo. Ni kweli alifanya hivyo. Alikuwa pia mwanariadha wa kulipwa, na mwili wake ndiyo ilikuwa kazi yake. Mwongozo uliotolewa mwaka 2019 na wataalamu wa tibamaungo wa Uingereza unashauri mwanamke asirudi kukimbia kabla ya miezi mitatu kutoka siku ya kujifungua, na hata hapo arudi baada ya kupimwa nguvu za nyonga na za sakafu ya kiuno, ile misuli inayoshikilia kibofu na kizazi kwa chini. Mimi niliufuata, na nilipita muda huo kwa mbali. Kwenye kikosi kulikuwa na mtu mmoja wa juu yangu aliyeona kwamba ninadeka. Nilimwachia maoni yake.

Usingizi ningeweza kuuandikia kitabu, lakini la muhimu ni barabara ya kurudi nyumbani. Mazoezi ya usiku yakimalizika asubuhi, kila mtu anataka kuwasha gari aondoke. Uchunguzi wa kitaalamu umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 mfululizo anafanya kazi kwa udhaifu unaolingana na wa mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi tayari ni kosa kuendesha nacho. Askari wetu baada ya usiku wa lindo wamepita hapo zamani. Kwenye kombania yangu, kwa hiyo, kulala kumo ndani ya ratiba ya Jumapili kama somo lolote lingine, na funguo za magari hukabidhiwa baada ya kulala. Malalamiko yapo kila mara. Mke wa askari mmoja alinipigia simu akauliza kwa nini mumewe anachelewa na mazoezi yameisha, nikamweleza, akanyamaza kidogo, halafu akaniomba nimlaze zaidi.

Sasa nifike kwenye kurudi, maana humo ndimo nimejifunza mengi kuliko kwenye kuondoka.

Kuondoka kuna utaratibu. Jeshini afisa haachi zamu bila kukabidhi, na sisi tunakabidhiana vilevile nyumbani, tukiwa tumekaa na karatasi: nani ana kikohozi na dawa yake ni saa ngapi, fomu gani ya shule inasainiwa lini, mtoto gani ana ugomvi na rafiki yake kwa hiyo akiwa kimya asibanwe maswali. Mwanzoni mume wangu aliona kama ninampa amri za operesheni. Siku hizi ndiye anayeidai karatasi. "Wewe unakwenda kwenye zoezi," aliniambia safari moja nikifunga shanta, "mimi naingia vitani. Nipe taarifa."

Kurudi hakuna utaratibu mtu yeyote aliokufundisha. Unaingia mlangoni umechoka, unanuka moshi na mafuta ya bunduki, na kichwani bado wewe ni mtu ambaye akisema neno watu mia moja wanasogea. Nyumbani hakuna anayesogea. Zaidi ya hapo, nyumba imejifunza kuendesha mambo bila wewe. Vikombe vimehamia rafu nyingine. Mdogo, ambaye ulimwacha analala taa ikiwa imewashwa, sasa analala gizani, na wewe ukiiwasha kwa mapenzi yako yote unaharibu ushindi wa usiku kadhaa wa baba yake. Binti mkubwa ana mzaha mpya na baba yake ambao huuelewi, na ukiuliza maana yake hauchekeshi tena.

Kila nyuzi ya mwili wa afisa inataka kushika hatamu hapohapo. Anakagua. Anarekebisha. Anauliza kwa nini. Utaratibu wangu ni kwamba siku ya kwanza ya kurudi mimi ni mgeni mwenye ufunguo: ninauliza vitu viko wapi, ninafuata utaratibu niliokuta, ninaosha vyombo. Kama mpangilio mpya wa vikombe ni wa ovyo, utakuwa wa ovyo hata Jumatano, tutauzungumza Jumatano. Magwanda yanavuliwa kabla ya chakula na kuingia kwenye kapu lake, na buti zinabaki nje ya mlango. Sauti ndiyo inayokawia kuvuka kizingiti. Kuna jioni nilikuwa nawaeleza watoto mpango wa kesho yake, nani anaoga kwanza, tunatoka saa ngapi, nani anabeba nini, nikamalizia kama ninavyomalizia mbele ya makamanda wangu wa platuni: "Maswali?" Kimya. Kisha mume wangu, aliyekuwa anamenya viazi, akainua mkono na kisu chake: "Afande, je, tunaruhusiwa kukaa?" Watoto walicheka mpaka mmoja akapata kwikwi, na neno "maswali" sasa ni silaha yao kila ninapozidisha.

Hapo ndipo mbio zinapopata kazi ambayo sikuitarajia. Asubuhi ya Jumatatu baada ya mafunzo ninakimbia dakika 30, polepole sana, kasi ambayo ningeweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Kimazoezi hazina uzito wowote. Ila ninapoanza bado ninawaza nani hakurudisha darubini, na ninaporudi ninawaza fomu ya shule. Nimejaribu kutembea badala yake, nimejaribu kukaa tu na kikombe cha chai, haviniondolei kambi kichwani. Hizo dakika 30 mume wangu ndiye anayezilinda kuliko mimi. Mvua ikinyesha nikasitasita mlangoni, ananiletea raba.

Sehemu kubwa ya mbio zangu sasa ni za namna hiyo, za pole. Si kwa uvivu. Wakimbiaji bora wa mbio ndefu wanapofuatiliwa, huonekana kwamba karibu asilimia 80 ya mazoezi yao ni mepesi na kiasi cha asilimia 20 tu ndiyo makali. Sisi wenye muda mfupi ndio tunaofanya kinyume: kwa kuwa nina dakika 40 tu, basi nizikimbie zote kwa hasira. Matokeo yake mtu anakuwa amechoka kila siku na hana kasi siku yoyote, na uchovu huo anaupeleka nyumbani. Watoto hawajali kama umechoshwa na kazi, na jeshi au na mbio. Wanaona uso tu.

Kikosini nako familia imenibadilisha kwa njia ambayo naamini ni ya kijeshi kabisa. Ratiba ya mafunzo ya kombania yangu inatoka mapema kuliko inavyotakiwa, na ikishatoka ninaigusa kwa shingo upande. Nikisema tunamaliza saa kumi jioni, saa kumi watu wanatoka langoni. Fanya hesabu: platuni ya watu 30 ikicheleweshwa nusu saa kwa sababu afisa anapenda kuongea, zimepotea saa 15 za nyumba za watu, na nyuma ya kila moja kuna mtu aliyepika kwa kuitegemea saa ile, au aliyeshindwa kwenda zamu yake mwenyewe. Jeshi la akiba halipotezi askari wengi kwa ugumu wa mafunzo; wanaoniletea barua za kuomba kuondoka wananieleza habari za nyumbani au za mwajiri. Ugumu waliutafuta wenyewe.

Tuna pia kile kikao cha tathmini baada ya zoezi, ambacho jeshi la Marekani lilikianzisha miaka ya 1970 na majeshi mengi yakakiiga: nini kilikusudiwa, nini kilitokea, kwa nini pakawa na tofauti, tutafanya nini safari ijayo. Kanuni yake ni kwamba humo cheo hakiongei kuliko ukweli. Baada ya kila kambi ya mwaka tunakifanya nyumbani pia, wote wanne. Cha mwisho kilikuwa kifupi. Mdogo alisema nisipige simu wakati wa kulala kwa sababu sauti yangu inamfanya alie na alikuwa hajaanza kulia. Nilikuwa nimezipenda sana simu zile. Sasa ninapiga saa kumi na mbili jioni, wakati wa kula, huku kila mtu anapiga kelele na hakuna anayenisikiliza vizuri.

Mwaka ujao nimepangiwa kozi ya kupanda cheo, miezi kadhaa, sehemu kubwa yake mbali na nyumbani. Tuliijadili mimi na mume wangu kwa jioni nyingi kabla ya kusaini. Marathoni imetoka kwenye kalenda ya mwaka huo wote. Haikuwa na mjadala mrefu, na nashangaa jinsi ilivyouma kidogo. Mwajiri ameshapewa barua. Mume wangu alitoa masharti matatu. La kwanza, wikendi moja kila mwezi nikiwa na ruhusa niwe na watoto peke yangu, yeye asafiri au alale, hatadaiwa maelezo. La pili, mama yake aje kukaa nasi, na nisimpangie kazi. La tatu tunabishana bado: anataka na yeye aanze kukimbia, alfajiri, saa zilezile ninazozitumia mimi, na anasema tangu sasa, siyo mwaka ujao.